Mpaka Lini Tutapasuliwa kwa Michango?

Katika mji huu wa Goma, ukipigwa risasi utapasuliwa bure. Ukivunjika mguu kwa pikipiki, lipa. Kidole tumbo kikikupasukia, lipa. Ngiri ikikunyonga utumbo usiku wa manane hapa Majengo, tafuta pesa kwanza, mengine baadaye.

Sifanyi mzaha. Majeruhi wa silaha wanapelekwa hospitali ya CBCA Ndosho, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inabeba mzigo wao. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, watu wa Ndosho walipasua usiku na mchana, wodi zikafurika, na sikusikia majeruhi aliyeulizwa shemeji yake ana kiasi gani kwenye M-Pesa. Mungu awape maisha marefu. Sina neno nao.

Neno langu ni kwetu sisi tuliobaki. Tumefika mahali ambapo mtu anautazama mguu wake uliovunjwa na pikipiki na kujiuliza kama isingekuwa heri uvunjwe na bomu. Huo ni mji gani, ndugu yangu? Na sisi tunaoishi humo bila kupiga kelele ni watu gani?

Endelea kutazama. Mwanamke aliyepata fistula wakati wa kujifungua anaweza kushonwa HEAL Africa kwa pesa za wafadhili, kama wanavyoshonwa wengine kule Panzi, Bukavu, kwa Daktari Denis Mukwege. Vizuri kabisa. Lakini dada yake mwenye uvimbe wa kizazi, anayetoka damu mpaka anashikilia ukuta akitembea, ugonjwa wake haujapata baba wa ubatizo. Hakuna mzungu aliyeupenda. Hakuna mkutano uliofanywa juu yake. Ni ugonjwa yatima.

Na ugonjwa yatima una mahali pamoja tu pa kwenda: kwenye simu yako.

Unaijua ile picha. Kitanda cha chuma, shuka ya hospitali, sura iliyokunjamana kwa maumivu. Chini yake namba ya Airtel Money, namba ya Orange Money, jina la anayepokea, na maneno yaleyale: tusaidieni ndugu, daktari anasema leo, bado tunatafuta. Halafu ile mikono miwili iliyounganishwa.

Unafanya nini? Unatuma faranga elfu mbili. Ukiwa umepata mwezi huo, unatuma dola tano. Unaandika "Mungu amponye." Unafunga simu, unalala.

Unalala! Ndiyo ugomvi wangu na wewe.

Kutoa sikugombani nako. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na watu wa Majengo wameonyesha moyo huo mbele ya dunia. Nyiragongo ilipotapika usiku wa tarehe 22 Mei 2021, waliofungua milango kwa wenzao wa Buhene hawakuwa matajiri. Wakimbizi wa Kibumba na Rutshuru walipoteremka na magodoro kichwani, waliowapa ugali wa kwanza walikuwa wapangaji wenye vyumba viwili. Mtu asije hapa kutufundisha ukarimu.

Lakini ukarimu ni ukarimu, na mpango wa afya ni mpango wa afya. Sisi tumeuchukua wa kwanza tukaufanya wa pili. Tumeufanya kuwa wizara. Tumeufanya kuwa bima. Halafu tunashangaa kwa nini watu wanakufa.

Wanakufa kwa sababu ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa methali inasema kweli ya daktari. Utumbo ulionyongwa na ngiri hauna wiki. Una saa. Damu ikikatika, unaanza kuoza mgonjwa akiwa macho. Ngiri ambayo ingerudishwa na kushonwa kwa operesheni ndogo mwezi uliopita, leo inadai tumbo lifunguliwe, kipande cha utumbo kikatwe, damu itafutwe, siku nyingi kitandani. Bei imepanda mara kadhaa, na kundi la WhatsApp bado linakusanya ile bei ya kwanza.

Hivyo ndivyo mchango unavyofanya kazi: siku zote uko nyuma ya ugonjwa. Mifuko yetu inakwenda kwa miguu, usaha unakwenda kwa pikipiki.

Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la The Lancet ilitoa hesabu ya upasuaji duniani. Watu bilioni tano hawana njia ya kupata operesheni iliyo salama na ya bei wanayoiweza, pale wanapoihitaji. Watu milioni 33 kila mwaka wanafilisika kwa sababu ya kulipia upasuaji na dawa ya usingizi, na hapo hujahesabu nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea. Tume hiyo ilitaja operesheni tatu ambazo hospitali ya kwanza iliyo karibu na mtu inapaswa kuziweza: kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi.

Sasa chukua simu yako. Pandisha juu, soma maombi ya mwaka huu. Ni nini hasa tunachochangia? Uzazi. Tumbo. Mguu. Ni zilezile tatu. Hatuchangii moyo wa bandia. Hatuchangii kupelekwa mwezini. Tunaombaomba kwa ajili ya kazi ambayo daktari wa kawaida mwenye wembe, nyuzi na umeme anaiweza.

Halafu kuna jambo ambalo hatupendi kulisema. Tunachagua.

Wewe na mimi, watu tusiojua ini liko wapi na figo iko wapi, tumejifanya bodi ya madaktari. Tunakaa na simu mkononi tukiamua nani apasuliwe na nani aoze. Na tunaamua kwa kipimo gani? Kwa sura.

Mtoto mwenye macho makubwa anapata. Msichana wa kwaya anapata, maana kwaya nzima itapita na kikapu. Mwanafunzi wa chuo anapata, wenzake watajaza Facebook. Mtoto wa mchungaji, usiniulize.

Mzee mwenye tezi dume? Nani atapiga picha ya mpira wa mkojo unaoning'inia pembeni ya suruali? Mama mwenye kizazi kilichovimba atueleze nini, na wakwe zake wote wamo kwenye kundi hilohilo? Kijana mwenye bawasiri aandike maneno gani? Na yule mlevi aliyeanguka kwenye mawe ya volkano akavunja nyonga, mtu ambaye kila mmoja wetu ana sababu ya kumkasirikia, nani atamtumia hata mia tano? Na mwanamke aliyefika juzi kutoka Masisi, asiye na simu, asiyejua avenyu anayolala inaitwaje, atatuma picha yake kwa nani?

Hao hawapati. Tezi dume haijui kwamba mwenyewe si maarufu. Inaziba mkojo vilevile.

Mobutu aliugua tezi hiyohiyo, yeye ikiwa ni kansa. Mwaka 1996 akapasuliwa Lausanne, Uswisi. Hakuna aliyeweka picha yake kwenye kundi la avenyu. Tulilipa sisi: baba yako, babu yako, shimo la dhahabu na shamba la kahawa. Ule ndio mchango mkubwa tuliowahi kumchangia mgonjwa mmoja, na hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Wakubwa wa baada yake nao wakiumwa mgongo wanapanda ndege. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye viza hamjui mwenye ngiri.

Usidhani huu ni ushamba wetu wa Goma. Marekani wana GoFundMe tangu 2010, na mpaka leo watu wa huko wanaombaomba humo kwa ajili ya kansa na figo. Watafiti wawili, Lauren Berliner na Nora Kenworthy, walichambua kampeni 200 za wagonjwa wakachapisha matokeo 2017. Kampeni zilizofikia lengo zilikuwa moja kati ya kumi. Moja! Waliofaulu ni wale wanaojua kusimulia vizuri, wenye picha nzuri na marafiki wenye pesa. Waliokuwa na shida nyingi zilizoshikana, ugonjwa juu ya kukosa kazi juu ya kukosa nyumba, hadithi yao haikueleweka haraka, watu wakapita.

Kama mtu mwenye kompyuta, umeme wa mchana na usiku na benki iliyo wazi anashindwa mara tisa kwa kumi, wewe wa Majengo mwenye kioo kilichopasuka na mega za intaneti za asubuhi tu unategemea nini? Muujiza?

Wapo waliojaribu kuinyoosha kazi hii, na sitawanyima haki yao. Watsi, shirika lililoanzishwa Marekani 2012, limepewa jina la mji mdogo wa Costa Rica. Mwanzilishi wake, Chase Adam, akiwa ndani ya basi alimwona mama akipita kwa abiria akiomba pesa za kumtibu mwanawe, karatasi za hospitali mkononi. Akatengeneza njia: mgonjwa analetwa na hospitali yenyewe, bei ya operesheni inaandikwa wazi, mtu yeyote duniani anatoa anachoweza, na pesa inakwenda kwenye tiba badala ya mfuko wa binamu. Hospitali za Kenya na Tanzania zimepeleka wagonjwa wao huko. Ni kazi safi, safi kuliko namba zetu za simu.

Lakini yule mama bado yumo ndani ya basi. Bado anapita kiti kwa kiti. Tofauti ni kwamba abiria wameongezeka.

Tuseme sasa umebahatika. Pesa za kuanzia zimepatikana, umepasuliwa, umepona. Unadhani umemaliza? Mwaka 2017 taasisi ya Chatham House ya London ilitoa ripoti juu ya hospitali zinazowazuia wagonjwa waliopona mpaka walipe, na nchi yetu imo. Huna haja ya kusoma Kiingereza kujua hayo. Unamjua mtu. Kila mtu Goma anamjua mtu aliyepona akabaki, akilala kwenye kitanda ambacho mgonjwa mwingine anakihitaji, fakitire ikiongezeka kila kunapokucha, mama mkwe akileta sombe kwenye bakuli. Mama mwenye mtoto mchanga anafanywa rehani. Ndipo kampeni ya pili inaanzishwa: ya kwanza ya kuingia, ya pili ya kutoka.

Nikiwa mkweli, hata hospitali sizilaumu zote kwa kinywa kimoja. Muuguzi anayekudai wewe naye anadai. Wengi wao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, au wamo na kinachofika ni aibu kukitaja. Wanaishi kwa ile fakitire yako. Serikali imewaachia wagonjwa kazi ya kumlipa daktari, imemwachia daktari kazi ya kumkamata mgonjwa, yenyewe imekaa pembeni.

Matapeli je? Wapo. Picha ileile ya mtoto uliyoichangia mwaka juzi imerudi na jina jingine. Sitapoteza wino juu yao. Mahali ambapo machozi yamekuwa sarafu, lazima watokee wanaochapa noti za bandia.

Ila nitapoteza wino juu ya hili: benki zilipofungwa mjini mwanzoni mwa 2025, hata mwenye akiba alikosa akiba yake. Noti zikawa haba. Mwenye kabini ya pesa za simu akaongeza makato yake, kwa maana naye anazitafuta noti. Pesa ya mgonjwa ikaanza kuliwa njiani, kipande kwa kutuma, kipande kwa kutoa. Bandu bandu huisha gogo. Ulimtumia mgonjwa dola tano. Uliza zilizofika kwenye meza ya daktari.

Na sasa nifike kwenye aibu yetu wenyewe, ambayo hatuwezi kumtupia Kinshasa wala mtu mwingine.

Mgonjwa akiomba dola mia tatu, wiki nzima inapita, zimepatikana themanini. Akifa alfajiri, jioni jeneza lipo. Turubai lipo. Viti vipo. Mchele upo, maharage yapo, mtu wa muziki amepatikana. Wa Beni wametuma, wa Kinshasa wametuma, shangazi wa Brussels ambaye hakujibu ujumbe kwa siku kumi ametuma. Daftari la kilio linapita nyumba kwa nyumba na hakuna anayethubutu kuandika sifuri, kwa kuwa majina yatasomwa.

Mnaona? Pesa zilikuwepo. Siku zote zilikuwepo. Zilikuwa zinangoja afe.

Maiti wa Majengo ana bima. Aliye hai hana. Maiti ana kamati, ana mwenyekiti, ana mweka hazina, ana daftari. Aliye hai ana picha na mikono miwili iliyounganishwa.

Usinijibu kwamba ndiyo desturi. Desturi ya nani? Wazee waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hawakusema akufaaye kwa jeneza.

Halafu tuje kwa serikali, maana wapo watakaofurahi nikiishia kutulaumu sisi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Inahakikishwa na nani? Na kundi la WhatsApp? Mwaka 2001 marais wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, naye anachangiwa operesheni. Septemba 2023 Kinshasa ilizindua uzazi bila malipo, operesheni ya uzazi ikiwemo. Basi kumbe inawezekana! Kumbe serikali ikitaka inaweza kumwambia daktari: mpasue, nitalipa mimi. Kwa nini iwe kwa uzazi tu na isiwe kwa utumbo?

Na usiniulize leo ni serikali ipi ninayoisemesha, ya huku au ya kule. Bendera zimebadilika juu ya ofisi na huenda zikabadilika tena. Ngiri haijui bendera. Anayekusanya kodi sokoni Virunga, awe nani, huyo ndiye ninayemdai chumba cha upasuaji.

Unamjua pia yule mheshimiwa wa wakati wa uchaguzi. Anaingia wodini na mpiga picha, analipia fakitire za mama sita, mama wanapiga vigelegele, video inazunguka. Wewe unaituma mbele ukisema ana moyo. Ana moyo wa nani? Kazi yake ilikuwa kupigania bajeti inayomfanya mama yule asihitaji kulipiwa. Ameshindwa kazi, amegeuka mfadhili, na wewe unampigia makofi. Amka!

Na wafadhili wa mbali je? Mwaka 2024 Marekani ilibeba karibu asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu uliokuja nchi hii. Januari 2025 rais mpya akatia saini karatasi, msaada ukasimamishwa. Kwa saini moja! Mwezi huohuo ambao Goma ilikuwa inazika. Hicho ndicho chakula cha hisani: anayekupa leo hana deni nawe kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tumeuzibia noti za watu wengine kwa miaka mingi.

Sasa nitataja jina linalochoma. Tulia.

Toka Majengo, teremka mpaka Birere, vuka mpaka mdogo. Uko Gisenyi. Mwenye nyumba ya mabati upande ule, jirani unayeweza kumwita kwa sauti akageuka, kwa miaka mingi amelipa faranga 3,000 za Rwanda kwa kila kichwa nyumbani mwake kwa mwaka. Ndiyo mutuelle yao, bima ya afya ya jamii. Akipelekwa hospitali anadaiwa asilimia kumi ya fakitire, mfuko unalipa tisini. Maskini wa mwisho kabisa analipiwa mchango wake. Walianza kwa majaribio 1999, miaka mitano tu baada ya nchi yao kugeuka makaburi.

Nasikia mnavyonguruma. Najua tuliyoyaona, najua nani amelala wapi na kwa nini. Sijasahau na sitawaomba msahau. Lakini unaweza kuwa na kesi nzito na jirani yako na bado ukaona kwamba paa lake halivuji.

Na kama jina la Rwanda linakukwama kooni, nitakupa la Congo. Bwamanda, huko Ubangi, kaskazini-magharibi. Mwaka 1986, Mobutu akiwa kitini na pesa ikiyeyuka mfukoni, hospitali ya Bwamanda ilianzisha bima ya kulazwa. Mchango wa mwaka wa mtu mmoja ulipangwa ulingane na bei ya kilo mbili za soya. Ulikusanywa msimu ule ambao mkulima ameuza mazao na ana pesa mkononi, kabla hajaugua, kabla hajanywa. Ukilazwa, unalipa sehemu moja ya tano. Nne zinalipwa na mfuko. Miaka michache baadaye zaidi ya nusu ya watu wa eneo lile walikuwa ndani.

Kilo mbili za soya! Wakulima wa msituni, bila simu, bila M-Pesa, bila shangazi wa Brussels. Na wewe mtu wa mji, unayenunua mega kila asubuhi, unaniambia haiwezekani?

Utaniambia pesa zitaibiwa. Hilo ndilo jibu lako la kila kitu. Basi nenda ukawatazame mama za sokoni. Wana AVEC zao, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Kisanduku kina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na kisanduku kiko kwa mtu wa nne. Kila wiki wanahesabu mbele ya macho ya wote. Mbali na akiba wana ule mfuko wa jamii wa kusaidiana mtu akipatwa na shida. Mama anayeuza samaki Kituku, ambaye hukumpa hata kiti kwenye mkutano wa avenyu, anajua kutunza pesa za watu kuliko wizara nzima.

Piga hesabu. Nyumba mia moja, dola moja kwa mwezi kila nyumba, ni dola 1,200 kwa mwaka. Hazitoshi, nakubali. Operesheni chache kubwa zinazimaliza, na kama avenyu yako imepata mwaka mbaya mfuko utakauka Aprili. Basi avenyu ishirini ziungane: dola 24,000. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye dola 24,000 haendi hospitali kupiga magoti. Anakwenda kukaa mezani na mkurugenzi. Anasema: hizi hapa nyumba elfu mbili, tuandikie bei ya ngiri, ya kidole tumbo, ya mguu, tuitie saini, na mtu wetu akifika usiku mnampasua usiku huohuo, asubuhi tunahesabiana. Mkurugenzi mwenye akili atavuta kiti. Naye amechoka kufunga milango.

Hilo halimwondolei mtawala deni lake. Wapo ambao hata hiyo dola moja hawana, wale waliofukuzwa kambini mwanzoni mwa 2025 wakarudi kwenye nyumba zisizo na mlango, wale wanaolala wanane chumbani hapa nyuma ya ukuta wangu. Mchango wao ni wa serikali, na tutaudai tukiwa tumepangwa, wenye daftari na mihuri, siyo mmoja mmoja wenye picha za vidonda.

Usiponisikia, najua kitakachofuata. Ombi lingine litakuja kabla ya wiki kwisha. Utatuma elfu mbili. Mwaka ujao utatuma elfu moja, kwa maana umechoka, kila mtu amechoka. Halafu itakuwa zamu ya picha yako, na utashangaa watu walivyo wagumu.

Hapa avenyu kwetu tumeanza kuzungumza. Kisanduku kimechongwa kwa fundi, kufuli zimenunuliwa. Tutakutana Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, pale tunapofanyia vilio, kwa sababu ndipo penye viti. Ufunguo wa kwanza ameuchukua mama mmoja muuza makaa, wa pili motari anayekaa kona. Wa tatu bado unatafuta mtu. Awe anajua kuhesabu, awe na sauti ya kumwuliza mkurugenzi wa hospitali bei zake, na asiwe mgombea wa kiti chochote.